Pengo la muda: kwa nini benki husita kukopesha daraja

Mshahara ulioingia benki leo, mwenyewe anaweza kuutoa kesho asubuhi kwa wakala wa Kariakoo. Daraja au bomba la maji huchukua miaka 15, hata 20, kurudisha gharama zake. Benki ikizifungia amana za wateja huko, siku watakapozidai kwa wingi itakosa cha kuwapa. Tofauti hiyo kati ya muda wa amana na muda wa mkopo ndiyo pengo la muda.

Baada ya msukosuko wa 2008, kanuni za kimataifa za Basel III zilizitaka benki ziongeze mtaji, na mikopo ya zaidi ya mwaka mmoja iegemee fedha zisizoondoka haraka. Hapa kwetu Benki Kuu pia inadai mtaji wa kutosha na inaweka kikomo cha kumkopesha mkopaji mmoja. Mradi mkubwa hugonga kikomo hicho mapema.

Wapo wanaozilaumu kanuni hizi kwamba zinakwamisha mikopo ya miundombinu. Mwaka 2018 Bodi ya Uthabiti wa Fedha, inayofanya kazi na G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilizichunguza ikaona athari yake ni ndogo kuliko ya hali ya uchumi na sera za serikali, ingawa mikopo ya benki kubwa za dunia ilikuwa imefupika muda. Kwangu kanuni hizi ni sawa kabisa: akiba ya mama lishe isiwekwe rehani kwa ajili ya zege.

Fedha zinazoweza kusubiri ziko kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa kuwa kijana aliyeajiriwa leo atadai pensheni baada ya miongo kadhaa. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, NSSF ilichangia asilimia 60 na Serikali 40. Ndiyo maana bajaji na daladala hulipa tozo getini. Wakazi wamelalamika sana, nami nawaelewa, hadi viwango vikapunguzwa 2022. Lakini fedha zile ni za wafanyakazi, lazima zirudi.

Njia nyingine ni hatifungani, yaani hati ya mkopo ambayo mwekezaji huinunua, akalipwa riba na kurudishiwa fedha zake muda ukifika. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza ya miaka 10, Sh bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5. Mwenye nayo akipata shida leo, anamuuzia mwingine kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bomba linabaki ardhini.