Mbona samaki hawaelei? Ningu wachanga na zebaki ya mlango wa mto

"Mwanangu, kama kweli kuna sumu majini, mbona samaki hawaelei?" Mzee mmoja mvuvi aliniuliza hivyo Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Busia, Uganda, nikiwa nimechutama kando ya ndoo ya vifaranga vya samaki. Sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo maabara.

Zebaki inayoninyima usingizi ni ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Huku Busia na Namayingo mchanga uliosagwa hukorogwa na zebaki karaini, dhahabu ikashikana nayo kuwa donge, kisha donge huchomwa motoni. Inayopaa kama mvuke hurudi na mvua. Inayomwagika hulala kwenye matope ya kuoshea, ikisubiri mafuriko yaikokote. Hadi hapo samaki bado ana nafuu. Balaa huanza kwenye mafunjo, pale mto unapoingia ziwani na mwendo wa maji ukafa. Matope yale meusi yanayonuka yai viza hayana oksijeni, na bakteria wanaoishi humo kwa salfeti, chumvi yenye salfa, huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, umbo lake lenye sumu zaidi. Hiyo hung'ang'ania protini za mwili, hupenya hadi kwenye ubongo, na kutoka haitoki upesi.

Uganda haina bahari, kwa hiyo msomaji wa Mombasa asitafute hapa maji ya chumvi. Lakini milango ya mito yetu nayo hulea samaki wachanga.

Mchukue ningu, samaki wa ziwa hili. Mvua kubwa zikianza huacha ziwa, hupanda mito kama Sio, hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, na watoto huteremka maji yakipungua. Zamani alikuwa tele. Kilichomwangusha, kufikia miaka ya 1950, ni nyavu za kutega zilizopangwa milangoni mwa mito kumsubiri akipanda na mayai tumboni. Hilo nisiisingizie zebaki. Ila kwa samaki aliyekwisha kupungua, kila kifaranga kina thamani, na kifaranga huyu njia yake ya kwenda ziwani hupita kwenye matope yaleyale.

Tena huenda akaanza na urithi. Mama aliyekula methili-zebaki huipitisha kwenye mayai, ikaingia mwilini mwa mtoto hata kabla hajafungua mdomo. Majaribio ya samaki wa aina nyingine, mengi yakiwa ya Marekani, yameonyesha madhara ambayo macho ya haraka hayawezi kuyaona: mchanga aliyeathirika huchelewa kushtuka, hukosa windo alilolilenga, na wengine hushindwa kukaa sawa ndani ya kundi. Ukigonga ndoo, mwenzake ameshatimka, yeye bado.

Ndipo nikamjibu mzee: hawaelei kwa sababu mnandi amewahi. Kifaranga mzito wa kushtuka hufia mdomoni mwa ndege au sangara, na zebaki yake huhamia kwa huyo aliyemla. Mzoga hauonekani.

Akanyamaza kidogo. "Sasa mimi nile nini?"

Hapo sikutaka kumtisha. Samaki wengi waliopimwa Ziwa Victoria wamekuwa chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ya nyama, kikomo ambacho nchi nyingi zimekuwa zikikitumia. Samaki wetu hukua haraka, kwa hiyo zebaki waliyoila husambaa kwenye nyama nyingi. Wa kuangaliwa ni sangara mkubwa aliyezeeka, kwa kuwa amekula wala-samaki wenzake miaka mingi. Nikamwambia mkwe wake mjamzito ale mukene, yaani dagaa, kwa wingi, na ngege, aina ya perege, wadogo wa halali, huyo sangara jitu amwache.

Mzee akacheka hadi akashika ukingo wa mtumbwi. "Mukene ndiyo tunayokula kila siku, mwanangu. Yule mkubwa lini aliwahi kufika nyumbani kwangu? Huyo huenda kiwandani."