Ruta inajuaje njia? Maana ya itifaki ya uelekezaji

Itifaki ya uelekezaji ni kanuni ambazo ruta, yaani vifaa vinavyopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, huzifuata kuambiana ni mitandao gani kila moja inaweza kuifikia. Kutokana na maelezo hayo, kila ruta hujiandikia jedwali lake la njia. Itifaki hii haibebi video wala barua pepe yako. Mzigo huo uko ndani ya pakiti za IP, yaani vifurushi vidogo vya data vyenye anwani ya vinakokwenda. Wanafunzi wengi huchanganya hapa, na mengine yote hubaki ya kukariri.

Tuchukue kompyuta iliyoko Kaloleni, Arusha, inayotaka kufungua ukurasa ulio kwenye seva ya ofisi moja karibu na Mnara wa Saa. Jedwali la ruta ya nyumbani ni fupi mno: anwani zinazoanza na 192.168.1 ziko humu ndani. Nyingine zozote, yaani 0.0.0.0/0, zipelekwe kwa ruta ya mtoa huduma. Haijui seva ilipo, wala haihitaji kujua. Inajua tu ni nani wa kukabidhiwa pakiti. Ruta ya pili hufanya vivyo hivyo, na ya tatu pia. Kila ruta hupunguza moja kwenye hesabu iliyo ndani ya pakiti, iitwayo TTL; ikifika sifuri pakiti hutupwa, maana njia ikijizungusha, pakiti ingezunguka bila kikomo.

Jedwali la mistari miwili kama hilo la nyumbani mtu ataliandika kwa mkono. Mtoa huduma mwenye ruta Arusha, Moshi na Dar es Salaam hawezi, kwa sababu katapila likikata mkongo kando ya barabara, njia mpya inatakiwa papo hapo, saa nane za usiku hata kama fundi amelala. Ndani ya mtandao wake anaweza kutumia itifaki ya RIP, ambayo huhesabu idadi ya ruta za kupitia tu na kuuona mtandao ulio hatua ya 16 kuwa haufikiki. Ni ya kizamani na haitazami kasi ya kiungo. Itifaki nyingine, OSPF, ni bora zaidi: kila ruta hutangaza viungo vyake, zote katika eneo hujenga ramani moja, kisha kila moja hujikokotolea njia yenye gharama ndogo; gharama hapa si fedha, bali namba ya kila kiungo, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kiungo kikiwa cha kasi.

Kati ya kampuni na kampuni mambo hubadilika, na hapo ndipo BGP, itifaki ya kuunganisha mitandao ya kampuni tofauti, inapohitajika. Kila mtandao unaojitegemea hupewa namba yake, ambayo kwa Afrika hutolewa na AFRINIC iliyoko Mauritius, kisha huwatangazia majirani: anwani hizi zipitishieni kwangu. Njia haichaguliwi kwa ufupi wake pekee. Mikataba ya kibiashara ina uzito mkubwa. Tena BGP ya asili haina namna ya kuhakiki kwamba anayetangaza ni mwenye anwani kweli. Februari 2008, Pakistan Telecom ilikusudia kuzuia YouTube ndani ya nchi, lakini tangazo lake likavuja hadi duniani. Lilihusu anwani 256, wakati la YouTube lilihusu 1,024, na ruta hufuata tangazo lililo mahususi zaidi. Watazamaji wa nchi nyingi wakapelekwa Pakistan.

Turudi kwenye ile seva. Kama nyumba na ofisi zina watoa huduma tofauti ambao hawajaunganishwa karibu, pakiti inaweza kwenda Dar es Salaam, pengine hata Ulaya, ndipo irudi Arusha. Ndiyo maana AIXP, kituo cha kubadilishana intaneti cha Arusha, kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: watoa huduma huunganisha ruta zao hapo na kutangaziana njia kwa BGP. Unaweza kujipimia. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika tracert na jina la tovuti ya hapa mjini. Kila mstari ni ruta moja. Muda ukiruka kutoka milisekunde chache hadi zaidi ya 100, na mistari inayofuata ikabaki huko juu, inawezekana kabisa pakiti zako zimevuka bahari.