Gari la zamani: anza na waya wa koili, GPS ifuate

Wateja wangu wa hapa Dodoma wenye magari ya zamani huanza na swali lilelile: "Fundi, nifunge GPS gani?" Mimi huomba boneti lifunguliwe kwanza. GPS inakuonyesha gari lilipo baada ya kuibwa, na mimi nataka lisiwake kabisa.

Land Rover Series III au Peugeot 504 ya petroli haina imobilaiza, kile kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Mwizi akivuta waya mmoja kutoka betri hadi koili (inayokuza umeme wa kutoa cheche), akaigusisha umeme stata, mota ya kuwashia, kaondoka, na ufunguo unao wewe mfukoni. Mafundi wengi huweka swichi ya siri kwenye waya unaoleta umeme koili. Sasa huyo mwizi si kaja na waya wake? Mimi nagusa upande wa pili: ule waya mwembamba kati ya koili na distribyuta (inayogawa cheche kwenye plagi), ambao kwenye Land Rover huwa mweupe wenye mstari mweusi. Swichi ikiuunganisha na bodi ya gari, cheche haitoki hata koili ikipewa umeme wa moja kwa moja. Waya wa swichi naupitisha ndani ya fungu la waya za kiwandani, rangi ileile. Waya mwekundu mpya unaong'aa ni sawa na kumwonyesha njia.

Dizeli ya zamani ni habari nyingine. Ikishawaka haidai umeme, na injini ikiwa bado ya moto, kuisukuma tu kunatosha. Hapo nafunga koki ya mafuta mahali pa kificho. Itaenda kidogo, itazima, na ikishavuta hewa haiwaki mpaka itolewe upepo.

Baada ya hapo ndiyo GPS. Kifaa kinachokula miliampea 30 kinamaliza kama ampea-saa 22 kwa mwezi, karibu nusu ya betri ndogo, na haya magari hulala wiki nzima bila kuguswa. Chukua chenye betri yake na kinachosinzia gari likisimama. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa hiyo kikae juu ndani ya deshibodi, chini ya kioo. Land Rover nyingi za kabla ya 1967, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, si hasi. Ukiunga kwa mazoea, kifaa kinaungua.

Kuzima gari kwa simu likiwa mwendoni sifungi, hata ukiongeza hela. Injini ikizima, breki za servo (zinazosaidiwa na nguvu ya injini) zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na barabarani kuna watu. Nikifunga rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inazuia kuwasha tu.