Mstawishaji Akishaondoka: Dhana Potofu Kuhusu Mitaa Mipya na Ukweli Wake

Nyumba mpya za Nairobi, Kiambu, Machakos na Mombasa huuzwa pamoja na ahadi: geti lenye walinzi, kisima, lifti, uwanja wa watoto. Mwanzoni mambo huenda shwari, kwa sababu mstawishaji, yaani aliyejenga mtaa, bado anauza nyumba zilizobaki na hataki mnunuzi mpya akute taka zimerundikana. Shida huanza akishamaliza kuuza. Pampu inakufa, watu wanaitana kwenye kundi la WhatsApp, na hapo utayasikia maneno yafuatayo, ambayo yamewagharimu wenye nyumba pesa nyingi.

"Tumepewa funguo, kwa hivyo mtaa ni wetu"

Funguo ni za nyumba yako tu. Paa, ngazi, tangi, mtambo wa majitaka na ardhi yenyewe vina makabidhiano yake, na mara nyingi hayo hayajafanyika.

Kwa miaka mingi mtindo wa Kenya ulikuwa huu: mstawishaji anasajili kampuni ya usimamizi, kila mnunuzi anaandikiwa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu na kuahidiwa hisa moja katika kampuni hiyo. Nyumba ya mwisho ikiuzwa, ardhi inahamishiwa kampuni na wakurugenzi wa mstawishaji wanajiuzulu ili wamiliki washike usukani. Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro. Ila hatua hizo mbili za mwisho hazina mtu wa kuzifuatilia: wakili wa mnunuzi alishamaliza kazi yake siku hati iliposajiliwa, na mstawishaji hana haraka.

Kwa hivyo kabla hamjabishana na mtu yeyote, ombeni CR12 ya kampuni yenu kutoka kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen. Ni waraka mfupi unaoonyesha wakurugenzi ni nani na hisa ziko kwa nani. Si ajabu mkakuta majina mawili tu, yote ya upande wa mstawishaji, na hisa zote bado ziko kwao. Hapo mtaelewa kwa nini benki ilimkatalia mweka hazina wenu, na kwa nini kampuni ya ulinzi haisikii barua zenu. Mmechagua viongozi wa mtaa, lakini mwenye sahihi inayotambulika kisheria ni mtu mwingine.

"Chama cha wakazi kinatosha"

Chama cha wakazi ni kitu cha maana, na mtaa usio nacho unakosa mengi. Kinawaleta pamoja wamiliki na wapangaji, kinachanga jirani akifiwa, kinafuatilia taa za barabarani na kuisumbua kaunti kuhusu taka. Lakini ni chama cha hiari. Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 inasema mtu halazimishwi kujiunga na chama cha aina yoyote, kwa hivyo jirani akikataa uanachama mtabaki kumsihi.

Shirika la wamiliki ni jambo tofauti kabisa. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Nambari 21 ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987, inasema shirika hili linazaliwa pale mpango wa sehemu za jengo, yaani ramani rasmi inayoonyesha kila nyumba, unaposajiliwa. Wanachama wake ni wamiliki wote wa nyumba zilizo kwenye mpango huo. Hujiungi wala hujitoi: ukinunua umeingia, ukiuza umetoka. Linaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, linasimamia maeneo ya pamoja, na mchango ambao haujalipwa linaudai kama deni. Naamini hii ndiyo zana kubwa zaidi waliyopewa wamiliki wa fleti nchini, na inaniuma kuona mitaa mingi bado haijaigusa.

"Muda wa kubadilisha hati ulipita, basi tena"

Sheria hiyo ya 2020 ilitoa miaka 2, yaani hadi Desemba 2022, kwa majengo ya zamani kutoka kwenye hati za ukodishaji wa muda mrefu na kuhamia hati za sehemu za jengo. Muda kupita hakukuondolei nyumba yako, wala ukodishaji uliosajiliwa haukugeuka kuwa karatasi tupu. Kazi ya kubadilisha bado iko palepale. Tena si lazima kumsubiri mstawishaji: wamiliki wenyewe wanaweza kuianzisha. Mtahitaji mpimaji wa ardhi, wakili, na kitabu cha wamiliki kilicho sawa.

"Silipi ada mpaka mstawishaji arekebishe nyufa"

Hasira hii naielewa, lakini inampiga asiyehusika. Ada ya huduma haiendi kurekebisha makosa ya mstawishaji. Inalipa mlinzi wa usiku, stima ya pampu na gari la taka. Chukua mtaa wa nyumba 60 unaotoza shilingi 5,000 kila moja: ni 300,000 kwa mwezi. Nyumba 20 zikigoma, zinabaki 200,000, na mstawishaji hajapungukiwa hata senti. Anayekaa gizani ni jirani aliyelipa.

Madai ya nyufa yapelekwe kwa njia yake, kwa maandishi, pamoja na picha na ripoti ya mhandisi. Kuna jambo jingine ambalo wakazi husahau kuliuliza: nyumba ambazo hazijauzwa bado ni za nani? Mwenyewe ni mstawishaji, na chini ya shirika la wamiliki naye anadaiwa mchango kama mmiliki mwingine yeyote. Itisheni hesabu hiyo kwanza.

Wenye nyumba walio Ghuba, Uingereza au Marekani nao hawajasamehewa kwa kuwa hawapo. Mpangaji akihama na kuacha deni, linabaki kwa mwenye nyumba. Kama huwezi kuhudhuria mkutano, teua wakala wa kukupigia kura.

"Meneja ameongeza ada, huyo ni mwizi"

Huenda ni mwizi. Dawa yake ni kudai taarifa za benki na hesabu zilizokaguliwa. Lakini mara nyingi ada ya mwanzo ndiyo iliyokuwa ya uongo. Iliwekwa chini ili nyumba ziuzike, wakati lifti na jenereta bado ziko kwenye dhamana na hakuna anayetenga akiba ya matengenezo makubwa. Dhamana inapokwisha, gharama halisi inajitokeza. Bodi isiyowaambia wamiliki hivyo mapema italaumiwa kwa kosa ambalo si lake.

"Makabidhiano ni kukata utepe na kupiga picha"

Makabidhiano ni mafaili. Daini michoro ya jengo kama lilivyojengwa, hasa njia za mabomba na nyaya. Bila hiyo fundi atabomoa vigae vya korido nzima akitafuta bomba moja lililopasuka. Daini cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kulikalia jengo, kibali cha kisima kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kumwaga maji ya mtambo wa majitaka, na ripoti za ukaguzi wa lifti. Angalieni pia akaunti ya stima ya maeneo ya pamoja iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni ya mstawishaji, deni lake la zamani linaweza kuwazimia nyinyi taa.

"Miezi 6 ya kasoro imekwisha, hatuna la kufanya"

Kipindi cha kasoro kilichoandikwa kwenye mkataba, ambacho mara nyingi ni miezi 6, ni muda ambao mstawishaji ameahidi kurudi kurekebisha. Kwa kawaida kumalizika kwake hakufuti madai ya mkataba uliovunjwa, ambayo kwa Sheria ya Ukomo wa Madai yana miaka 6, huku madai ya uzembe yakiwa na miaka 3. Mwonyesheni wakili mkataba wenyewe, maana mikataba mingine ina vifungu vinavyobana. Paa linalovuja msimu wa tatu wa masika bado linaweza kudaiwa, na dai lina nguvu zaidi barua ya kwanza ya malalamiko ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa.