Macho makavu yanayouma: maswali yenu wakazi wa Dodoma

Naendesha bodaboda kati ya Area A na mjini. Kiangazi macho yanachoma kama yametiwa pilipili, na jioni yanatiririka machozi. Dukani wananiambia ni ukavu. Ukavu gani huo wenye machozi?

Upo, na wengi unawachanganya. Machozi yanayolinda jicho yana maji, ute unaoyashikiza kwenye jicho na mafuta yanayozuia yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyo pembezoni mwa kope. Yakipungua, au upepo ukizidi, jicho linakauka na kuuma, kisha mwili unamwaga maji kwa mkupuo. Ni maji matupu, yanaishia shavuni.

Dodoma mvua zikishakatika mwezi Aprili hivi, hewa ni kavu na vumbi halina likizo hadi karibu Desemba. Shusha kioo cha helmeti hata safari ikiwa fupi. Na wewe wa ofisini usijione umepona: anayekodolea macho kompyuta hupepesa mara chache sana kuliko kawaida, na feni inampuliza usoni.

Nianze na dawa gani?

Machozi bandia, yale matone yenye karboksimethiliselulosi au haipromelozi. Tone moja linatosha, mara nne kwa siku. Ukihitaji zaidi ya hapo, ulizia yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike, maana kihifadhi chenyewe huchubua jicho likitiwa mara nyingi.

Kisha kanda kope. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, kamua, weka juu ya macho uliyoyafumba. Kitapoa ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo kichovye tena, mpaka zifike dakika kumi. Baada ya hapo pitisha kidole taratibu: kope ya juu unaisukuma kushuka, ya chini unaisukuma kupanda, ili mafuta yaliyoganda yatoke. Hii kazi watu huiona ya kizee wakaiacha, nami naiona ndiyo nusu ya tiba.

Angalia pia vidonge unavyomeza. Dawa za mzio kama piriton, ambazo msimu wa vumbi wengi wetu hatuziachi, hukausha macho.

Jirani alinipa dawa yake ya matone, maumivu yakaisha ndani ya siku mbili tu. Niendelee nayo?

Acha leo. Dawa inayotuliza haraka hivyo mara nyingi ina steroidi, mfano deksamethasoni. Daktari huitumia kwa muda mfupi huku akikupima. Ukiitumia mwenyewe, inaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi chochote, ikaleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha fangasi au virusi, kitachimbika zaidi. Maji ya majani na maziwa ya mama nayo yabaki nje ya jicho.

Mama yuko Kongwa. Kila akipepesa anasikia mchanga, na huwa tunamng'oa nywele za kope.

Huyo msimwekee jina la ukavu kabla hajapimwa. Kongwa inajulikana miaka mingi kwa vikope, yaani trakoma. Makovu ya ugonjwa huu huvuta kope kuelekea ndani, nywele zikakwaruza kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Ukizing'oa anapata nafuu, kisha zinaota tena. Machozi bandia yatapunguza msuguano tu. Anachohitaji ni upasuaji mdogo wa kope, unaofanywa kwa ganzi ya pale pale, kabla kioo hakijaingia ukungu.

Nimepimwa nikaambiwa ukavu ni kidogo, lakini silali kwa maumivu. Je, najidekeza?

Hapana. Kioo cha jicho kina neva nyingi mno, na zikichokozwa muda mrefu zinaweza kuendelea kuuma hata jicho likionekana zima. Kliniki wanaweza kukuwekea tone la ganzi: maumivu yakikatika, chanzo kiko kwenye uso wa jicho, yakibaki, huenda ni neva zenyewe, na tiba inakuwa vidonge vya maumivu ya neva. Kimojawapo, amitriptilini, nacho hukausha macho, ndiyo maana kipimo chake anakipanga daktari. Tone la ganzi usiombe kwenda nalo nyumbani. Linazuia kioo kisipone, na jicho linaweza hata kutoboka.

Kama kinywa nacho kikavu na viungo vinauma, mwambie daktari. Kuna magonjwa ya kinga ya mwili yanayoshambulia tezi za machozi na mate.

Lini nisisubiri?

Uoni ukipungua, mwanga ukikuumiza, ukiona doa jeupe kwenye kioo, usaha, au jicho jekundu linalouma pamoja na kichwa na kichefuchefu: nenda siku hiyo hiyo, hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa.

Wiki mbili za matone na sioni tofauti.

Bado ni mapema. Endelea na kukanda kila siku. Mwezi ukiisha hali ni ile ile, rudi upimwe tena. Wapo wanaohitaji matone ya siklosporini, ambayo huchoma mwanzoni na huchukua miezi kuonyesha kazi, na wapo wanaozibwa vitundu vya kupitishia machozi ili yakae jichoni.