Kushuka kwa volti: kwa nini betri nzima inashindwa kuzungusha injini

Kushuka kwa volti ni kiasi cha volti kinachopotea njiani, kati ya betri na kifaa kinachotumia umeme, wakati mkondo unapita. Hilo la mkondo kupita ndilo wengi hulisahau. Usipopita, hakuna kinachopotea, na mita itasoma volti 12 hata kwenye waya uliooza.

Ndiyo maana gari linaweza kugoma kuwaka huku taa za dashibodi zinawaka na redio inaimba. Taa hizo zinavuta sehemu ndogo tu ya ampia moja. Stata, mota inayozungusha injini ili iwake, kwa injini ya petroli ya silinda nne inavuta kama ampia 100 hadi 200, na ya dizeli kubwa inazidi hapo. Kwa kanuni ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia mkondo, kinachopimwa kwa omu. Chukua kichwa cha waya wa betri chenye kutu, ukinzani wake omu 0.02. Taa ya ampia 0.5 itapoteza hapo volti 0.01, kiasi ambacho jicho halikioni. Stata ikitaka ampia 150, volti 3 zinaishia kwenye kutu hiyo kama joto. Utasikia “tak” moja kisha kimya, au injini itazunguka kivivu na kusimama.

Hapa ndipo betri nyingi nzuri hutupwa. Mpya inapofungwa, vichwa vya nyaya hufunguliwa, husuguliwa kidogo na kukazwa upya, gari linawaka, na sifa zote zinapewa betri. Baada ya muda tatizo linarudi, na safari hii anayelaumiwa ni stata.

Anza na betri yenyewe. Ikiwa imepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu, 12.0 inakaribia kuisha. Mtu akipiga stata, volti kwenye nguzo zake, vile vishina viwili vya risasi vinavyoshikwa na vichwa vya nyaya, zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, betri imechoka au haina chaji, au stata imekwama na inavuta kupita kiasi. Zikibaki 11 au zaidi huku stata inasuasua, tafuta njiani.

Upimaji wa njia unahitaji watu wawili na mita ya kawaida iliyowekwa kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Weka gia huru au P, vuta breki ya mkono, kisha chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Gusisha ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya yenyewe, ile risasi ya betri, si kwenye kichwa cha waya kinachoikumbatia. Ncha nyeusi iguse bolti nene ya stata unapoingia waya wa betri. Mwenzako apige stata kwa sekunde 3 hadi 5. Mita inachoonyesha ndicho kilichopotea upande wa chanya, nacho kisizidi volti 0.5. Kisha upande wa hasi: nyekundu kwenye bodi ya stata, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Hapo 0.2 ni sawa, 0.3 ni mpaka. Kipimo kikizidi, sogeza ncha kiungo kimoja kimoja. Kiungo safi hakipotezi zaidi ya 0.1.

Ukisikia “tak” lakini vipimo vyote viwili vimebaki karibu na sifuri, mkondo haupiti kabisa. Pima kati ya bolti mbili nene za solenoidi, swichi nzito ya umeme iliyo kwenye stata, wakati wa kupiga stata. Zikibaki volti 12, vipande vya shaba vya ndani vimelika na havigusani; zikishuka karibu na sifuri na mota isizunguke, brashi, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha.

Usijaribu kupima njia hii kwa omu. Mita hupitisha mkondo mdogo mno, kwa hiyo waya wa nyuzi mia uliobakiwa na tano utasoma karibu sifuri. Ni kupima uimara wa daraja kwa kuvusha kuku.

Kosa linalosahaulika zaidi ni waya wa ethi, yaani wa kurudisha mkondo upande wa hasi, kati ya injini na bodi ya gari. Injini imekalia mpira, na fundi akishusha gia boksi asiurudishe waya huo, au bodi ikipigwa rangi mpaka chini ya bolti yake, mkondo wa stata unatafuta njia nyingine, mara nyingi kebo ya klachi au ya akselereta. Kebo ya namna hiyo ikipata moto unapopiga stata, usitafute kwingine. Kuhakikisha, unganisha kebo ya kuazimia umeme kutoka chuma tupu cha injini hadi nguzo ya hasi. Stata ikipata nguvu ghafla, ethi ndiyo mbovu.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Mimina kijiko cha baking soda kilichoyeyushwa kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, maji yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, piga msasa nguzo na ndani ya kichwa mpaka ving’ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Kichwa kilicholegea kibadilishwe. Msumari au kipande cha bati kinachopachikwa kukibana hupunguza eneo la kugusana na hutoa cheche karibu na gesi ya betri, nayo hulipuka.

Magari ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar yana adha ya ziada, hewa ya chumvi. Shaba huoza ndani ya plastiki kuanzia kwenye kichwa. Bonyeza waya hapo: ukiwa mgumu au umevimba, menya kidogo, na ukikuta unga wa kijani usipoteze muda na msasa. Badilisha waya wote. Kwa gari dogo shaba isipungue milimita mraba 25, na usiwe mwembamba kuliko ule wa zamani. Dukani angalia ncha iliyokatwa, kwani nyaya nyingi ni nene kwa plastiki tu.