Popo kwenye mbawa za mbayuwayu wa Beijing

Tiara yangu ya kwanza ya Kichina (kishada, kwa wanaoita hivyo) iliungua kabla haijaonja upepo. Mwanzi hupindwa kwa joto, juu ya mwali wa mshumaa, taratibu. Mimi nilikuwa na haraka. Utotoni tulitumia chelewa na gazeti kuukuu, hakuna aliyetufundisha kupasha kitu.

Nimeunda nyingi tangu hapo, lakini ninayoirudia kila mara ni shayan, mbayuwayu wa Beijing. Kiunzi chake ni fito tano tu: mmoja wa kichwa, mbili za mbawa, mbili za mkia. Kazi yote iko mbawani. Fito zile mbili, wa juu na wa chini, hukutana nchani, na karatasi iliyo kati yake hubonyea ikakinga upepo kama kiganja. Ncha zenyewe hurudi nyuma kidogo, na upepo unaozidi humwagikia hapo. Ukikwangua upande wa kushoto ukawa mwembamba kuliko wa kulia, tiara italala upande, hata uipake rangi za namna gani.

Tukija kwenye rangi, kuna familia nzima. Mbayuwayu mnene ni mwanamume, mwembamba ni mwanamke, wapo na watoto. Wawili walioungana ni mke na mume. Sasa tazama mbawani: mara nyingi utakuta popo. Kwa Kichina silabi ya mwisho ya jina la popo, fu, hutamkwa sawa na neno la neema. Kwa hiyo popo watano ni neema tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na kufa kwa amani. Anayedhani ni urembo tu amesoma nusu ya tiara.

Weifang, mkoani Shandong, kwenye tamasha la kimataifa tangu 1984, fahari yao ni tandu mwenye kichwa cha joka. Visahani vingi hufuatana kwenye kamba, kila kimoja na kijiti cha kukikingama chenye manyoya nchani ili kisipinduke. Huyo usijaribu kumrusha peke yako!

Nantong, mkoani Jiangsu, hufunga filimbi za vibuyu na mianzi kwenye tiara zao, wakati mwingine mamia kwa tiara moja. Ikipaa, anga lote linavuma.